Gramu Ishirini na Saba

Ukiona mtu anaingia nyumbani kwako saa mbili asubuhi na mizani yake mwenyewe kwapani, ujue ni Merritt Hovland, na ujue siku hiyo hukai ukapumua. Dada yake, Twyla, alikuwa na mizani jikoni, nzima kabisa, ya kupimia unga wa keki. Merritt hakuiamini. Ndivyo walivyo watu wa milimani katika mji wetu wa Lander: mtu anakata mpini wa mswaki, anachana lebo za soksi, anatoboa kijiko matundu, halafu anakuja kukusimulia gramu alizookoa kama mtu aliyepata mjukuu. Usipomsikiliza ananuna.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya Julai. Merritt aliiweka mizani mezani kando ya cherehani, akatoa furushi la nailoni ya buluu kwenye mkoba, akaanza kulitandaza. Twyla alilitambua kabla halijakunjuka lote.

Lilikuwa ganda la blanketi alilomshonea yeye mwenyewe miaka mitatu nyuma. Blanketi la safari, lile lenye pamba katikati, la kujifunika kwa juu tu. Upande wa chini halina, kwa sababu pamba ukiilalia inabonyea na haikupi joto lolote, sasa ya nini kuibeba? Merritt alikuwa amelifumua kwake, pamba iliyochoka ameitupa, na vitambaa viwili, cha juu na cha ndani, ameviosha na kuvianika. Alitaka dada yake atie pamba mpya aliyokuja nayo, nyepesi, ya kiangazi, alishone upya. Jumamosi anapanda mlimani peke yake, usiku mmoja, ajipime, Jumapili jioni amesharudi.

"Kitambaa hakina kosa," alisema, akikipapasa. "Kosa lilikuwa langu. Nikitupe cha nini?"

Twyla akageukia birika la kahawa ili uso wake usionekane.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, usije ukamwona Twyla ni mtu wa ajabu. Juni ya mwaka ule Merritt alipiga hema kando ya ziwa dogo, juu kabisa, akakaa siku sita. Theluji iliyochelewa ikashuka siku ya tano. Asubuhi ya saba aliamka blanketi limelowa ndani kwa ndani, zito kama taulo lililosahauliwa kwenye ndoo, na vidole vya mguu wa kushoto havina habari naye. Alishuka kwa kutembea siku mbili. Daktari akakata vidole viwili.

Vidole peke yake visingekuwa kitu. Lakini Merritt alikuwa na kazi, na kazi ile ndiyo iliyokuwa roho yake. Kwa miaka kumi na tisa aliongoza vijana milimani, watoto wa shule kumi kumi, wiki tatu tatu. Alikuwa anasimama bondeni, anatazama nyasi zimelalia wapi, anasema hema hapa, si pale, na watoto wanaamka wakavu. Baada ya lile la ziwani akajihukumu mwenyewe. Alisema alilala kwenye shimo linalokusanya baridi na ukungu, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Krismasi ile, mbele ya familia nzima, akatangaza kwamba anaacha. Mtu asiyejua pa kujilaza mwenyewe, alisema, hana haki ya kulaza watoto wa watu. Twyla akamsogezea bakuli la viazi.

Na Twyla alikuwa anajua. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna miaka yote mitatu.

Yeye ni fundi wa vitu vya milimani: mahema, mikoba, mablanketi. Kila mteja anayeingia kwake hufundishwa jambo moja kabla hajafundishwa lingine. Shika kitambaa, kibane kwenye midomo, pulizia. Cha hema kikatae pumzi, maana kimepakwa dawa ya kuzuia mvua. Cha blanketi kiipitishe, maana mwili unatoa jasho hata ukiwa umelala, na mvuke ule usipopata njia ya kutoka unageuka maji ndani ya pamba. Sasa mwaka ule alikuwa na mabaki ya majora mawili ya nailoni, buluu ile ile, nyembamba ile ile, moja la hema na moja la blanketi, lebo zote zimeng'oka. Merritt alikuwa anaondoka kesho yake. Twyla alikuwa na simu begani, anabishana na mteja wa mji wa Jackson kuhusu zipu. Akakata kitambaa cha juu bila kupuliza. Mara moja tu katika maisha yake ya ufundi, na mara hiyo ilikuwa kwa mdogo wake.

Aligundua Merritt akiwa bado hospitalini. Walimletea blanketi likiwa kwenye mfuko wa plastiki, akalianika barazani siku mbili, likakauka, kisha, sijui kitu gani kilimtuma, akalibana kwenye midomo akapuliza. Mashavu yakamtuna. Hakuna kilichopita. Alikaa kwenye ngazi mpaka kiza kikaanza kuingia. Akajiambia atamwambia akitoka hospitali. Kisha akasema bandeji zikitolewa. Kisha ikaja Krismasi na yale maneno mezani, na baada ya pale kila siku iliyopita ilifanya neno lenyewe liwe zito zaidi kulitamka.

Kwa hiyo Jumatano ile, kahawa mkononi, alijaribu kila mlango. Alisema nailoni ya zamani inachoka. Merritt akamjibu kwamba imetumika siku sita tu kisha ikakaa darini. Alisema kingo zimejaa matundu ya sindano. Merritt akasema azipunguze. Alisema anacho kitambaa kipya, kizuri, cha kijani, hatamtoza kitu. Merritt akacheka, akasema dada yake akizeeka anakuwa na huruma, itabidi ampeleke kwa daktari.

"Na tena safari hii nitabeba mzigo mwepesi," akasema, akinyanyua mguu wa kushoto. "Vidole viwili, kama gramu arobaini hivi. Wenzangu wananionea wivu."

Twyla alicheka, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa.

Kisha Merritt akasema lingine, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Wale wa shirika la vijana alikokuwa akifanya kazi wamempigia simu. Wamepungukiwa na viongozi, wanamtaka arudi, na wanataka jibu Jumatatu. Twyla akauliza atawajibu nini. Merritt akashangaa hata kuulizwa. Atawaambia hapana, alisema. Mtu anaweza kujipima yeye mwenyewe usiku mmoja, akikosea analipia mwenyewe. Watoto hawapimiwi hivyo.

Akavipima vitambaa vyake kimoja kimoja, akaandika kwenye daftari dogo analotembea nalo mfukoni: cha juu gramu mia moja na tatu, cha ndani sabini na sita. Akaibana mizani kwapani akaenda zake kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anakochonga funguo.

Mlango ulipofungwa Twyla alisimama katikati ya chumba. Jambo moja alikuwa na hakika nalo: kitambaa kile hakipandi tena mlimani na mdogo wake ndani. Kwenye rafu alikuwa na buluu nyingine, ile ya kupitisha pumzi, iliyofanana nacho kama pacha. Akaishusha, akaibana kwenye midomo. Pumzi ikapita. Akapuliza tena. Akapuliza mara ya tatu, mwanamke mzima peke yake chumbani anapuliza nguo, mpaka kichwa kikamzunguka.

Cha zamani akakisokomeza kwenye droo ya chini, chini ya vipande vya mikanda.

Alishona Alhamisi na Ijumaa. Alipanga tabaka tatu zikiwa zimegeuzwa ndani nje, akazibana kwa vibanio, maana pini huacha matundu. Akashona pembeni kuzunguka, akaacha uwazi wa upana wa kiganja upande wa miguuni, kisha akalipitisha blanketi zima katika uwazi ule kama mtu anavyogeuza soksi. Mkono wake ulikuwa imara. Moyo ndio uliokuwa haukai. Alijiambia kwamba amefanya la maana: Merritt atalala pakavu, atarudi salama, hapana aliyeumia. Kisha sauti nyingine, ya kwake mwenyewe, inamuuliza: na Jumatatu je? Atachonga funguo mpaka afe, kwa sababu wewe hukutaka aibu? Hapo anaongeza mwendo wa cherehani ili asiisikie.

Jumamosi saa nne Merritt akaingia, mkoba wake mgongoni tayari umefungwa, donati kwenye mfuko wa karatasi, mizani kwapani. Twyla alikuwa amebakiza ule uwazi wa miguuni tu, dakika tano za kazi. Alimwomba asubiri amalize. Merritt kusubiri? Alilivuta blanketi kutoka kwenye cherehani, akalikunja, akaliweka juu ya mizani.

Mia tatu tisini na mbili.

"Safi," akasema, na Twyla akashusha pumzi. Akachukua donati. Mdogo wake akafungua daftari, akaandika, kisha penseli ikasimama.

Mtu mwingine yeyote duniani, ukimwambia mzigo wako umekuwa mwepesi kuliko ulivyotarajia, anashukuru Mungu anakwenda. Si hawa. Merritt alianza kujumlisha kwa midomo. Kitambaa cha juu, mia na tatu. Cha ndani, sabini na sita. Pamba, ambayo aliinunua na kuipima mwenyewe, mia mbili ishirini na moja. Kamba, vifungo na uzi, kumi na tisa. Akapiga mstari chini yake. Mia nne kumi na tisa.

"Gramu ishirini na saba hazipo," akasema.

"Si vizuri? Limekuwa jepesi."

"Wepesi nisiojua ulikotoka siutaki."

Twyla alisema amepunguza kingo, si alimwambia mwenyewe azipunguze. Merritt akauliza amepunguza kiasi gani. Twyla akasema sentimita mbili, kuzunguka. Merritt akapiga hesabu palepale: kingo zote hizo haziwezi kuzidi gramu tano. Twyla akasema basi mizani imeharibika, inatupwatupwa kila siku. Merritt hakubisha. Alitoa mfukoni sarafu ya senti tano, ambayo kila mpanda milima anajua ina gramu tano kamili, akaiweka. Mizani ikasema tano.

Dirisha lilikuwa wazi na jirani alikuwa anakata majani kwa mashine, lakini Twyla alisikia penseli tu ikigonga meza. Merritt alilichukua blanketi, akalisugua kati ya kidole na gumba, akalisogeza kwenye mwanga.

"Twyla. Hiki ni kitambaa changu?"

Alikuwa na uongo mkononi, na uongo wenyewe ulikuwa mzuri. Angesema cherehani ilikichana, akaona haya, akaweka kingine. Merritt angecheka mwaka mzima, angewasimulia watu dukani, na yangeisha. Angeondoka na blanketi zuri. Na Jumatatu simu ingelia naye angesema hapana. Twyla aliutazama uso wa mdogo wake, uso uliochoka wa mtu wa miaka hamsini na minne anayechonga funguo, akajichukia.

Akainama, akafungua droo ya chini, akakitoa kile cha zamani, akakiweka juu ya mizani. Mia moja na tatu.

"Kipulize," akasema.

Merritt alimtazama. Kisha akakibana kwenye midomo, kama alivyofundishwa na dada huyu huyu miaka ile wote wawili wakiwa vijana, akapuliza. Mashavu yakamtuna. Akakishusha. Akachukua lile blanketi jipya, akapuliza kitambaa cha juu pale kwenye uwazi, na kurasa za daftari upande wa pili zikapepea. Akarudi kwenye kile cha zamani akapuliza tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuhitaji kuelezwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto jambo hilo hilo.

"Tangu lini unajua?"

"Ukiwa bado hospitali."

Merritt akakaa kwenye kiti polepole. Twyla alingoja kelele. Alizitamani, angalau zingekuwa kitu cha kushika. Merritt alikuwa anatazama kitambaa magotini kwake.

"Kwa hiyo Krismasi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanipa viazi."

"Nilikupa viazi, Merritt."

Hapo ndipo macho ya Merritt yalipojaa machozi. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba vidole angemsamehe siku ileile, mbele ya daktari, mkono wa fundi hukosea. Lakini miaka mitatu amekuwa akiamka alfajiri, anaurudia usiku ule, anatafuta alichokiona vibaya. Alikuwa amefika mahali hathubutu kuchagua hata meza ya kukaa mgahawani. Twyla hakujitetea. Alisema alikuwa mwoga, na kwamba amejuta kila siku. Hayo yalikuwa kweli na hayakumsaidia yeyote.

Merritt akainuka akatoka kwenda barazani. Twyla alisikia hatua zake zile za kuchechemea zikienda hadi mwisho wa mbao za baraza, zikasimama. Mkoba wake ulikuwa bado ndani, na Twyla akaukodolea macho kama mtu anayeshikilia kamba. Mashine ya jirani ikanyamaza, ikawaka tena. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa pale na donati mkononi, ameiuma mara moja tu.

Merritt aliporudi hakumtazama. Alikaa kwenye cherehani, akaweka ule uwazi wa miguuni chini ya sindano. Twyla akanyoosha mkono kushika kitambaa kisiteleze, maana nailoni ile huteleza vibaya.

"Usiguse," Merritt akasema.

Akashona mwenyewe. Alishona vibaya, mstari ukaenda kama njia ya ng'ombe, lakini akarudia juu yake mara mbili na ukafunga. Akakata uzi kwa meno. Akapima: mia tatu tisini na tatu. Akaandika. Alilisokota blanketi akalisukuma chini kabisa ya mkoba wake.

Kisha akachukua kile kitambaa cha zamani, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakitia nacho mkobani. Twyla aliona gramu mia moja na tatu zikiingia, zisizo na kazi yoyote, kwenye mzigo wa mtu aliyekata mpini wa mswaki wake.

"Nitakihitaji nikishawajibu Jumatatu," Merritt akasema. "Hao watoto watakuwa wanapulizia kitu gani?"

Twyla akaziba mdomo kwa kiganja. Merritt akamwambia asije akafikiri yameisha. Asimpigie simu. Atapiga yeye, akiwa tayari, na hajui itakuwa lini. Twyla akaitikia kwa kichwa. Merritt akaubeba mkoba, akafunga mkanda wa kiunoni, akachukua mizani. Mlangoni akasimama, amempa mgongo.

"Pale ziwani," akasema. "Nililala mahali pabaya?"

"Hapana."

"Hujawahi hata kufika."

"Umenichorea kwenye leso za karatasi mara ngapi? Mwamba nyuma yako, maji hatua sitini, nyasi zimelala upande mmoja, na wewe uko juu ya bonde, si ndani yake. Palikuwa mahali pazuri."

Mkono wa Merritt ulikuwa kwenye fremu ya mlango.

"Sema tena."

"Merritt, mdogo wangu, ulilala mahali pazuri."

Merritt alisimama pale mpaka dada yake alipomaliza kusema, ndipo akashuka ngazi.